Pombe Nyeusi, Gome Chungu na Daftari la Mpishi

  Mazungumzo ya leo ni ya watu wazima, waliotimiza miaka 18. Wewe ambaye dini imekukataza pombe, au daktari amekukataza, usizime redio: nitasema zaidi juu ya nafaka, moto na magome ya miti kuliko juu ya kulewa.

Habari yenyewe ni pombe nyeusi yenye uchungu. Ile ambayo ukiimimina kwenye glasi mwanga haupiti, povu lake ni la hudhurungi, na ukishaimeza uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Wengi wetu tumeijua kupitia chupa ya Guinness. Lakini huko Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaoipika wenyewe majumbani, na kila mara wanabadilisha mapishi: leo kimea kilichokaangwa zaidi, kesho hopsi ya aina nyingine, keshokutwa asali au kahawa ndani yake. Nchini Uingereza, hadi mwaka 1963, mtu alihitaji leseni hata kupika bia ya kunywa nyumbani kwake. Marekani, sheria ya kuruhusu jambo hilo ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Tangu hapo ufundi huo umeota mizizi, na kutoka kwenye sufuria za nyumbani yamezaliwa makampuni. Ile bia inayounganisha weusi wa stauti, hiyo pombe nyeusi ninayoisema, na uchungu mkali wa hopsi ilikuwa ikipikwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika jimbo la Vermont, kwenye baa ndogo ya Greg Noonan iliyokuwa ikijipikia bia yake yenyewe.

Nimeulizwa na vijana zaidi ya mara moja: hapa Babati, mkoani Manyara, inawezekana? Wanachukua simu, wanatazama namna ya kupika, wanakuta imeandikwa hopsi na kimea cha shayiri, wanaangalia bei ya kuagiza kutoka nje, wanakata tamaa. Mimi nasema inawezekana, na wanakwama pasipo na kikwazo. Yale mambo matatu yanayoifanya pombe iwe nyeusi, chungu na nzuri, yaani kuotesha kimea, kukaanga nafaka na kutia uchungu, yanafanyika Afrika Mashariki tangu zamani. Wanaoyajua ni akina mama wapika pombe. Kinachopungua ni kipimajoto na daftari, na hivyo viwili havihitaji meli.

Tuanze na uchungu, maana hapo ndipo vijana wanapokwama.

Hopsi ni maua ya kike ya mmea unaotambaa juu ya kamba na miti. Mmea huo unataka siku ndefu za kiangazi, jua la saa 15 au 16, ndipo utoe maua ya kutosha. Kwa sababu hiyo unalimwa sana kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo: Hallertau huko Ujerumani, Žatec huko Cheki, bonde la Yakima huko Marekani. Wenzetu wa Afrika Kusini wanaulima kuzunguka mji wa George, na kwa miaka mingi walilazimika kuwasha taa mashambani ili kuurefusha mchana, mpaka watafiti wao walipozalisha mbegu zinazovumilia siku fupi. Sisi Babati tuko nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote vinapishana kwa takriban nusu saa tu. Mkulima wetu wa Dareda anaweza kuotesha karibu kila kitu, lakini hopsi itamsumbua.

Sasa hopsi inafanya kazi gani? Mbili. Ya kwanza ni kuutuliza utamu wa kimea ili kinywaji kisichoshe. Ya pili ni kuzuia kuchacha. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Kijerumani wa karne ya 12, alikwisha kuandika kwamba uchungu wa hopsi unafanya vinywaji vidumu bila kuharibika. Leo tunajua sababu: ndani ya ua lile mna asidi ambazo zikichemshwa kwa muda wa saa moja hivi hubadilika, huyeyuka ndani ya pombe na kuwabana bakteria wanaoleta uchachu. Ndiyo maana kampuni ya Guinness, mwaka 1801, ilipoandika mapishi ya pombe nyeusi ya kupelekwa visiwa vya Karibi, iliongeza hopsi ili mapipa yafike salama. Stauti kali inayouzwa Afrika leo ni mjukuu wa pombe hiyo ya safari.

Lakini kabla hopsi haijatawala, Ulaya yenyewe ilikuwa inatia majani na mizizi ya kila namna ndani ya bia. Sheria maarufu ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyotaka bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, ilikuja baada ya karne nyingi za mapishi mengine. Kwa hiyo hopsi ni uchaguzi wa mahali fulani uliosambazwa na biashara. Sehemu nyingine walichagua vingine.

Nenda Ethiopia. Pale kuna gesho, kichaka ambacho majani na vijiti vyake vinatiwa ndani ya tela, pombe ya nafaka, na ndani ya teji, pombe ya asali. Kazi yake ni ileile, kuleta uchungu. Njoo karibu zaidi, Kilimanjaro. Wachaga wanapika mbege kwa ndizi mbivu na ulezi, na ndani yake wanatia gome la msesewe. Huu ni mti mrefu unaopenda kingo za mito na makorongo yenye maji. Wataalamu wanauita Rauvolfia caffra. Gome lake linabanduliwa, linakaushwa, linatwangwa na kuchemshwa.

Wachaga ni wakazi wa mji wetu wa Babati siku nyingi, na palipo na Wachaga mbege haikosekani. Niliwahi kukaa jikoni kwa mama mmoja hapa mjini, mzaliwa wa Rombo, nikaomba nionje maji ya msesewe kabla hajayatia kwenye chungu. Alinimiminia kidogo kwenye kikombe cha plastiki. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa, hayana harufu kubwa. Uchungu wake haukuja mara moja. Ulianza pembeni mwa ulimi, ukatambaa hadi kooni, ukakaa. Nilikunywa maji, haukuondoka. Mwarobaini unakupiga mara moja na kila mtu anaujua; msesewe ni mtulivu zaidi na unadumu. Kwa pombe nyeusi, uchungu unaodumu ndio unaotafutwa.

Mama yule anatia kwa kiasi, na hapo naomba mnisikilize vizuri. Msesewe ni wa ukoo mmoja na mmea wa India ambao dawa ya zamani ya shinikizo la damu, reserpine, ilitolewa humo. Gome la namna hiyo lina nguvu. Akina mama wanajua kiasi kwa kurithishana, kwa hiyo usijitungie kipimo chako kwa kuwa tu unapenda uchungu. Jifunze kwa anayeupika kila wiki, anza na kidogo kuliko chake, na anayetumia dawa za presha au za moyo aache kabisa. Tena ukibandua gome, bandua upande mmoja wa shina. Ukiuzungushia mti mzima, umeuua, na korongo letu limepoteza kivuli.

Nimekaa sana kwenye uchungu. Weusi ni rahisi zaidi, na historia yake inapendeza.

London ya karne ya 18 ilikunywa pombe ya hudhurungi iliyoitwa porter, kinywaji cha wapagazi na wachukuzi wa mizigo. Weusi hasa, ule mweusi tii, ulikuja baada ya Daniel Wheeler kupata hataza mwaka 1817 ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto na kukaanga kimea bila kukiunguza, kama wanavyokaanga kahawa. Kimea kidogo cha namna hiyo kinatosha kuigeuza rangi sufuria nzima. Wapishi wa Dublin wakaichukua mbinu hiyo, na stauti ikapata sura tunayoijua.

Sasa angalia magharibi ya Kenya, kwa Waluhya na majirani zao, wanapopika busaa. Unga wa mahindi unakandwa kwa maji, unaachwa siku mbili tatu uchachuke. Kisha unamwagwa juu ya bati pana lililowekwa motoni, na mama anaanza kugeuza kwa koleo bila kupumzika. Unga unatoa mvuke, unakatika vipande, unabadilika kutoka weupe kwenda manjano, kutoka manjano kwenda hudhurungi, na harufu ya mkate ulioungua kidogo inajaa ua mzima. Ukiacha kugeuza kwa dakika chache, upande mmoja unakuwa mkaa na pombe yote inapata ukakasi wa moshi. Mwenye mkono mzuri anapata chembe za rangi moja kutoka kona hadi kona. Ndipo anachanganya na maji na kimea cha ulezi. Mwanamke huyo hajapata kusikia jina la Wheeler, na bati lake linafanya kazi ileile ya pipa lile.

Kwa hapa kwetu ninapendekeza kukaanga kimea chenyewe cha ulezi kwenye kikaango cha chuma, moto mdogo, ukikoroga muda wote. Kitoe sehemu ya kwanza kikiwa hudhurungi, sehemu ya pili kikiwa kimekaribia weusi. Usikaange chote. Kimea kilichokaangwa hakina tena uwezo wa kugeuza wanga kuwa sukari, moto umeua vimeng'enya vyake, kwa hiyo katika kila kilo tano za nafaka, nusu kilo ya kukaanga inatosha. Ukizidisha, pombe inakuwa na ladha ya majivu.

Na ulezi, jamani, ni nafaka ya kujivunia. Inafikiriwa kwamba ilitolewa porini na kufanywa zao katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, yaani huku huku kwetu. Ukiuloweka kwa siku moja, ukauotesha siku mbili hadi nne mpaka vijimizizi vikatoka, kisha ukauanika juani, unapata kimea chenye nguvu ya kuyeyusha wanga kupita mtama. Kila aliyekunywa togwa anajua matokeo: uji mzito unawekwa kimea, baada ya muda unakuwa mwepesi na mtamu. Mpishi wa bia wa Ujerumani anafanya jambo hilohilo katika hatua yake ya kwanza. Anayejua kutengeneza togwa nzuri amekwisha kuivuka hatua ngumu kuliko zote.

Wapo wanaosema stauti bila shayiri si stauti. Tanzania inalima shayiri, tena kanda hii ya kaskazini ndiyo yenye mashamba yake, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Ila Nigeria, mwaka 1988, ilipiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri kutoka nje, na viwanda vyake vikalazimika kugeukia mtama na mahindi, vya stauti vikiwemo. Wanywaji hawakukimbia. Uganda nayo, mwaka 2002, kiwanda cha Nile kilitoa bia ya Eagle iliyopikwa kwa mtama wa Epuripur, na wakulima wadogo wakapata soko. Nafaka zetu zilikwisha kupita mtihani kwenye viwanda vikubwa. Jikoni kwako zitapita pia.

Sasa tofauti iko wapi kati ya pombe ya kilabuni na hii ninayoisema? Iko kwenye hatua moja. Katika pombe za kienyeji kama busaa, kimea kinatiwa kibichi na hakichemshwi tena baada ya hapo. Kimea kibichi kinakuja na vijidudu vyake, hamira ya asili pamoja na bakteria wa uchachu, na vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Kazi hiyo ndiyo inayoipa pombe ya kienyeji ule uchachu wake mtamu, na ndiyo inayoifanya isidumu zaidi ya siku chache. Kwenye pombe nyeusi chungu, togwa ikishakuwa tamu inachujwa kwanza, halafu inachemshwa saa nzima pamoja na kile kinacholeta uchungu, inapoozwa, ndipo inatiwa hamira iliyochaguliwa. Bakteria wamekufa, uchachu haupo, uchungu unasikika wazi. Sitaki mtu aelewe kwamba ya pili ni bora. Mbege safi ya siku yake ni kinywaji cha heshima. Ninasema ni mapishi mawili, na mwenye kujua la kwanza anaongeza hatua moja tu kulifikia la pili.

Babati inamsaidia mpishi kwa mambo fulani na kumtatiza kwa mengine. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,300 na zaidi, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mtu anayefuata mapishi ya London na kutia hopsi kwa saa moja atapata uchungu pungufu, basi arefushe kuchemsha. Upande wa pili, hali yetu ya hewa ni neema. Hamira ya bia ya namna hii inapenda nyuzi 18 hadi 22. Dar es Salaam hulipati joto hilo bila friji. Hapa, hasa Juni na Julai upepo wa mlima Kwaraa unapovuma, ndoo iliyowekwa kwenye chumba chenye sakafu ya saruji inakaa mahali pake bila kununua umeme. Maji nayo ni ya kuangalia. Sehemu nyingi za ukanda wa Bonde la Ufa zina maji yenye chumvi na floraidi, na floraidi haiondoki kwa kuchemsha; inazidi kukolea mvuke unapotoka. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au ya chanzo unachokijua. Maji magumu kiasi hayana shida kwa pombe nyeusi, kwa sababu kimea kilichokaangwa kina asidi inayoyasawazisha. London na Dublin zilipata umaarufu wa pombe nyeusi kwa maji ya namna hiyo.

Nije kwenye daftari, ndilo lililonifanya nichague mada hii.

Mama yule wa kutoka Rombo anajua joto la uji wake kwa ncha ya kidole. Anachovya, anakitoa upesi, anasubiri kidogo, anachovya tena. Akiridhika, anatia kimea. Nilitumbukiza kipimajoto wakati huohuo: kati ya nyuzi 60 na 65, papo hapo ambapo vitabu vya wapishi wa bia vinasema wanga unageuka sukari vizuri zaidi. Ujuzi wa miaka uko kwenye kidole kimoja. Siku atakapochoka, au wanawe watakapohamia Arusha, ujuzi huo hauna mahali pa kubaki, kwa sababu hakuna aliyeuandika. Mwaka 2016 watafiti wawili, Ryosuke Kubo na Method Kilasara, walichapisha maelezo ya namna mbege inavyopikwa hatua kwa hatua, na nawashukuru kwa kazi hiyo. Lakini kila jiko lina mkono wake, na maandishi ya jiko lazima yatoke jikoni.

Mnakijua Chibuku, kilichowahi kuuzwa pia hapa Tanzania. Aliyekianzisha huko Kitwe, Zambia ya leo, miaka ya 1950, Max Heinrich, alikuwa akiandika kila pishi kwenye kitabu chake, akibadilisha na kulinganisha, na jina la pombe lilitokana na kitabu hicho. Pombe ya mtama na mahindi, iliyokuwa ikipikwa vijijini kwa karne nyingi, ikawa biashara ya nchi kadhaa mikononi mwa mtu aliyeshika kalamu. Jambo hilo linaniuma na kunitia moyo kwa wakati mmoja. Linaniuma kwa sababu kalamu ingeweza kushikwa na mpika pombe wa kijijini, na linanitia moyo kwa sababu bado anaweza kuishika.

Kwa anayetaka kujaribu, naeleza pishi moja. Chukua kilo mbili na nusu za kimea cha ulezi, kilo mbili za unga wa mtama, na nusu kilo ya kimea ulichokaanga. Pika uji wa mtama kwa lita 12 za maji, uive kabisa. Uache upoe hadi nyuzi 65, kipimajoto kikithibitisha. Tia kimea chote, cha kukaanga na kisichokaangwa, koroga, funika sufuria kwa blanketi, iache saa moja na nusu. Onja: iwe tamu na nyepesi. Chuja kwa kitambaa safi, suuza machicha kwa maji ya moto, nayo machicha wape ng'ombe au nguruwe. Chemsha maji hayo matamu kwa saa moja na robo. Ukipenda, dakika za mwisho ongeza kilo moja ya asali nyeusi ya msitu. Wanakijiji wa Duru-Haitemba hapa kwetu, ambao katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wa kwanza nchini kukabidhiwa misitu yao waitunze wenyewe, wanaishi kati ya miti ya miombo inayotoa asali ya namna hiyo. Wabarbaig wamekuwa wakiiheshimu pombe ya asali kwenye maziko makubwa ya wazee wao, bung'eda, kwa hiyo asali kwenye chungu si ugeni kwetu.

Sasa fanya jaribio lenyewe. Gawa pishi kwenye ndoo mbili zenye mifuniko, zilizooshwa kwa maji yanayochemka. Moja itie maji ya msesewe yaliyochemshwa, kwa kiasi alichokufundisha mjuzi, nyingine usitie kitu. Zikipoa kabisa, tia hamira sawa kwa sawa. Andika tarehe, uzito, joto, rangi na harufu. Onja zote mbili kila jioni, andika ladha. Utaona kama msesewe unaleta uchungu peke yake au unazuia pia uchachu kama hopsi. Pishi linalofuata badilisha jambo moja tu: muda wa kukaanga, au kiasi cha asali, au aina ya hamira. Ukibadilisha matatu kwa pamoja, pombe ikiwa nzuri hutajua umshukuru nani. Na usifunge kwenye chupa za kioo kabla pombe haijaacha kutoa mapovu, maana hupasuka na kukata watu. Chupa za plastiki za soda ni salama zaidi: ukiibonyeza ikawa ngumu, ihamishie mahali pa baridi.

Kuna jambo ambalo sitalipitia haraka. Nafaka mbovu inaua, na kuichemsha hakuiokoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na yetu ya Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Hao walikula tu nafaka yenye ukungu. Mwaka mmoja nyuma, Januari 2015, kijiji cha Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe baada ya maziko, wakafa 75. Kwa muda ilisemwa ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha sumu iliyotokana na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika, sumu isiyoondolewa na moto.  Kwa hiyo kimea chenye ukungu wa kijani au mweusi, au unga wenye harufu ya uvundo, mwaga. Usimpe hata kuku. Hasara ya debe moja inavumilika.

Na pombe hii ikae pombe. Anayeitia kwenye mtambo ili atoe gongo ameingia kwenye kosa, sheria ya mwaka 1966 iko wazi. Anayetaka kuuza pombe ya kienyeji anahitaji leseni chini ya sheria ya vileo ya mwaka 1968, na ofisi ya halmashauri ndipo pa kuanzia.

Kwenu akina mama wapika pombe mnaonisikiliza huku mmeshika mwiko: nyinyi mmesomesha watoto kwa chungu hicho, mkitukanwa mchana na kutafutwa jioni. Naomba vijana wakija na madaftari msiwafukuze. Wakija, waulizeni kwanza kama wameosha mikono, kisha wapeni ulezi wapepete. Na wewe kijana, usiingie jikoni kwa mtu na kalamu tu. Nenda na kilo mbili za ulezi na mzigo wa kuni, msalimie vizuri, na jina lake liandike juu ya ukurasa wa kwanza, kama ataridhia, kwa sababu pishi ni lake.

Anayeloweka ulezi usiku huu atauopoa kesho jioni, na kimea kitakuwa tayari kuanikwa katikati ya wiki ijayo. Kipindi kijacho, muda huuhuu, nitazungumza na mfugaji wa nyuki kuhusu kutenganisha asali mbichi na ile iliyoiva, jambo linalowahusu hata wasiopika pombe.